Mwambieni Naye: Niliyojifunza Mombasa Wakati wa Korona

Katika nyumba nyingi za Mombasa nilizoingia kwa kazi yangu ya saikolojia, mtu mwenye ulemavu wa akili ndiye wa mwisho kuambiwa jambo. Harusi ikipangwa, yeye ataona nguo mpya tu. Familia ikihama, ataona mkokoteni umesimama mlangoni. Mtu akifa, ataona watu wamejaa nyumbani, halafu atashikwa mkono apelekwe kwa jirani. Hakuna ubaya katika nia. Wazazi husema, "Hataelewa, atasumbuka bure." Lakini korona ilipoingia, mazoea hayo yaligeuka mzigo mzito, maana yaliyobadilika yalikuwa mengi, yalibadilika kwa mara moja, na watu wazima wenyewe walikuwa na hofu. Nilitoka katika kipindi kile na jambo moja ambalo sichoki kuliambia familia, walimu na wenzangu wa kazi: mtu huyu anaweza kuambiwa, na asipoambiwa kwa maneno, mwili wake utauliza kwa niaba yake. Atapiga, atagoma kula, hatalala.

Niseme kwanza ninamzungumzia nani. Ulemavu wa akili si wazimu wala si ugonjwa wa akili. Ni hali inayoanza utotoni, ambapo kujifunza, kuelewa mambo mapya na kujitegemea katika shughuli za kila siku huwa kugumu kuliko kwa wenzake wa umri ule. Wapo wanaopanda matatu peke yao, wanaopika na kufanya kazi za mikono. Wapo wanaohitaji mtu wa kuwalisha na kuwaogesha. Wengine wana hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo, wengine usonji (autism) au kifafa pamoja na ulemavu huo. Nusu ya kazi yangu ni kukaa nao, na nusu ni kukaa na mama, shangazi na ndugu wanaowalea.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikaanza kufungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili Kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, sawa na majirani zetu Kilifi na Kwale. Watu wengi tulifuata habari hizo kwenye redio na simu, tukalalamika, tukapanga upya maisha. Sasa mfikirie mtu ambaye siku yake yote imeshikiliwa na vitu vichache visivyobadilika: sare, gari la shule, uji wa saa nne, mwalimu mmoja, njia moja. Vyote vikatoweka ndani ya wiki moja bila yeye kuelezwa chochote.

Kijana mmoja wa Mishomoroni aliendelea kuvaa sare kila asubuhi na kusimama mlangoni. Nyumbani wakaificha sare. Akaitafuta, akapindua magodoro, mwishowe akampiga dada yake. Mama yake aliponipigia alisema, "Amekuwa mkali, sijui kimempata nini." Nilimuuliza amemwambia nini kuhusu shule. Akajibu, "Namwambia kesho tutaenda." Kesho ilikuwa imeshapita mara nyingi, na kijana alikuwa anajua vizuri kwamba ahadi haikutimizwa. Tuliirudisha sare, maana ni yake. Tukatengeneza ratiba ya picha za simu zilizochapishwa kwa saibakafe: chai, kufagia uwanja, kuoga, mpira, chakula, kulala. Picha ya shule tuliibandika pembeni ikiwa imepigwa alama nyekundu ya mkasi (X). Mama akajifunza kusema maneno yale yale kila asubuhi: "Shule imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mwalimu yuko kwao, ni mzima. Wewe uko nyumbani. Shule ikifunguliwa, mimi nitakwambia." Hakutulia siku ile wala iliyofuata. Alitulia alipozoea kwamba jibu halibadiliki.

Kazi ilihamia kwenye simu. Nakiri kuwa mazungumzo marefu ya video hayakutufaa sana. Bando ni ghali, nyumba ni za chumba kimoja au viwili, na watu wote wanasikiliza. Wapo wasioweza kuhusisha sauti na mtu asiyeonekana. Binti mmoja kila nikimsalimu aligeuza simu kutazama nyuma yake kama nimejificha huko. Kilichofaa ni simu fupi fupi, saa ile ile, na salamu ile ile. Kwa walezi nilituma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, ambao mama angeusikiliza usiku watu wakishalala, na angeweza kuurudia. Jambo ambalo ningelifanya kwa mikono yangu kituoni sasa lilifanywa na mama, nami nikimwongoza. Baadhi ya akina mama wakawa hodari kuliko wataalamu ninaowajua, na hodari hao hakuna aliyewalipa.

Barakoa ilitutesa. Kutovaa kulikuwa na adhabu ya faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, na akina mama waliogopa kutoka na watoto wao hata kwenda kliniki. Mtoto mmoja wa Kisauni alikuwa hawezi kuvumilia kitu chochote usoni. Kumlazimisha kulimfanya aone mkono wa mama yake kuwa ni hatari. Tulianza mbali. Mama alikata kipande cha leso yake kuukuu, ile mtoto aliyozoea kulalia, akashona barakoa. Siku za kwanza ilikaa mezani tu, karibu na sahani. Kisha mama akaivaa yeye wakati wa kuimba nyimbo zao. Kisha mtoto akaigusisha shavuni, mama akihesabu "moja, mbili, tatu", na kwenye "tatu" inatoka na bisi zinaingia mdomoni. Siri iko hapo kwenye kuhesabu: mtoto alijua lini itaisha. Mama hakuwahi kuiba, hakusema "tatu" kisha akaenda mpaka kumi. Ilichukua wiki kadhaa, na hata mwisho wake mtoto aliweza kuivaa kwa muda wa kutembea hadi zahanati tu. Ilitosha.

Kuna kisa cha jino nacho. Mwanamume mmoja wa Changamwe, ambaye hazungumzi, alianza kugonga kichwa ukutani. Kila mtu alikuwa na maelezo: ni kufungiwa ndani, ni kukosa shule, ni korona. Familia iliomba dawa ya kumtuliza. Mimi nina kanuni kwamba kabla ya kutafuta sababu moyoni, tafuta maumivu mwilini. Nilimwomba kaka yake aandike kwa siku kadhaa: ilikuwa saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, baada yake ikawaje. Karatasi ikaonyesha kwamba ni baada ya chakula karibu kila mara, na hasa akinywa kitu cha baridi. Nikamwambia amtazame mdomoni kwa tochi ya simu. Ufizi ulikuwa umevimba na una usaha. Kumpata daktari wa meno wakati ule ilikuwa kazi, maana huduma nyingi zilikuwa zimepunguzwa na watu waliogopa hospitali. Alipong'olewa jino, kugonga kukaisha. Hilo la kudhani kila kitu kinatokana na ulemavu linawaumiza watu hawa miaka yote; korona iliongeza kisingizio kingine.

Sasa niende Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, watu wanakovuka kwa feri. Kijana mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, alikuwa mpenzi wa feri. Hajui kusoma, lakini alikuwa akiitaja kwa jina kabla haijafika gatini: hii MV Kwale, ile MV Likoni, ile Jambo. Shule ya ufundi ilipofungwa, shangazi yake anayeuza viazi karai Mwembe Tayari akawa anakwenda naye kazini. Jioni ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi, walikuwa upande wa kisiwani katika umati uliokuwa ukingoja kuvuka kabla ya saa moja. Yaliyotokea pale yalionekana nchi nzima: watu walirushiwa gesi ya kutoa machozi, wakapigwa virungu, wakalazwa chini.

Walifika nyumbani salama wa mwili. Kuanzia usiku ule kijana alilala na viatu. Akisikia honi ya feri aliingia chini ya kitanda. Alianza kujikojolea, jambo aliloliacha tangu utotoni. Wazee wakasema ameingiwa, wakampeleka kusomewa. Sikuwa na ugomvi na kisomo. Kilimpa shangazi nguvu, na kijana alipenda kuwekewa mkono kichwani. Nilichokiona mimi ni kwamba tangu siku ile hakuna mtu katika nyumba ile aliyekitaja kisa chenyewe mbele yake. Walidhani wakinyamaza atasahau.

Nilimwomba shangazi anisimulie kwa simu, taratibu, kuanzia walipofunga biashara hadi walipofika mlangoni, naye kijana akiwa ameketi pale pale anasikia. Tukafanya hivyo zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza aliondoka chumbani. Baadaye akawa anakaa karibu na mlango. Halafu siku moja akamkatiza shangazi akauliza, "Mimi mbaya?"

Swali hilo ndilo lililotufungulia. Nyumbani na shuleni, tangu utotoni, alifundishwa kwamba anayepigwa ni aliyekosa. Kwa hiyo kwa muda wote ule alikuwa akijitafutia kosa lake. Shangazi alilia. Nikamwambia amjibu, asimpapase tu. Akamjibu: "Hapana, babangu. Watu walikuwa wengi. Askari walirusha moshi. Macho yaliwasha. Wewe uliogopa, na mimi shangazi yako niliogopa. Kosa si lako." Binamu yake akapiga picha za feri, za foleni, za askari aliyesimama tu hafanyi kitu, zikatiwa kwenye daftari pamoja na maneno hayo. Kila usiku walilisoma daftari lile. Baada ya muda viatu vikavuliwa.

Kurudi feri kwenyewe kulikuwa jambo jingine, na hatukumharakisha. Kwanza walitembea hadi barabara kuu tu. Kisha hadi pale honi inaposikika. Adhuhuri, watu wakiwa wachache, walikaa mbali wakatazama feri mbili zikipishana, akazitaja. Kupanda alikataa katakata.

Nyumba iliyonifundisha mengi zaidi ilikuwa Kibokoni, katika Mji wa Kale. Mapema Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa peke yake ndani ya kaunti iliyokuwa tayari imefungwa, na ilikuwa Ramadhani. Hakukuwa na tarawehe misikitini wala kutembeleana kwa futari. Katika nyumba ile alikuwako mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye hali ya Down, kitinda mimba wa baba yake. Kila siku baada ya alasiri baba huyo mzee alikuwa akimletea kaimati kwenye karatasi, na yeye humngoja barazani. Mzee alifariki katika siku hizo. Alizikwa siku ile ile kama ilivyo desturi, lakini na watu wachache, maana mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Hakukuwa na matanga. Binti aliambiwa baba amesafiri, amekwenda Lamu.

Akangoja. Kila tuktuk ikisimama alitoka mbio. Wakati wa kufuturu alimwekea baba sahani, na aliyegusa sahani ile alikiona. Wiki ya pili akaacha kula. Kaka yake alinipigia usiku: "Daktari, twataka dawa ya kumlaza. Mama hawezi tena."

Nilimuuliza mama yuko wapi. Akasema yuko ndani, amekaa eda. Nikamuuliza, "Na dadako anamwona?" Akanyamaza. Mama amekaa eda, kanzu ya baba iko msumarini, viatu viko mlangoni, majirani wanapita dirishani kutoa pole kwa sauti ya chini. Vitu vyote vya nyumba ile vilikuwa vimeshamwambia kwamba baba amekufa. Ni watu tu waliokuwa wakimkanushia. Mtu yeyote angekataa kula katika hali hiyo.

Tulikubaliana aambiwe, na amwambie mama mwenyewe. Tulifanya mazoezi kwa simu. Nilimwomba asiseme "amelala", maana binti angeogopa kulala. Kuhusu "amekwenda kwa Mungu", nilimwambia bibi yule kwamba ni neno la imani yake na yangu, na litasemwa, ila lisitangulie. Likisemwa peke yake binti atauliza atarudi lini, kama alivyouliza kuhusu Lamu. Kwanza kifo kitajwe kwa jina lake. Mama akasema, baada ya futari, akiwa amemshika mikono: "Baba amekufa. Hapumui tena. Hali chakula, haumwi popote. Tumemzika. Hatarudi. Hukumfanya kitu wewe. Mungu amemchukua. Mimi mamako niko hapa."

Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kaka yake aliniambia baadaye kwamba pale alitaka kunilaumu. Kisha akaomba kofia ya baba. Alilala nayo. Asubuhi aliuliza tena, "Baba yuko wapi?" na kaka akavunjika moyo akadhani hakuelewa. Nilimwambia kurudia swali si kutoelewa. Mimi nilipofiwa niliuliza hivyo hivyo kimoyomoyo kwa miezi, tofauti ni kwamba yeye huuliza kwa sauti. Wakamjibu kila mara kwa maneno yale yale. Baada ya siku chache alikula tende mbili na uji. Kaka akapiga picha ya kaburi akamwonyesha, akataka kujua kama baba ana baridi. Wakamwambia hapana, hasikii baridi. Ile sahani ya futari aliiondoa mwenyewe, hakuna aliyemwambia aiondoe. Dawa ya kulaza haikuhitajika.

Wakati wote huo, kila alasiri, wizara ilikuwa ikitangaza hesabu: wangapi wameambukizwa, jinsia, umri, kaunti. Niliisikiliza nikitafuta watu wangu na sikuwasikia. Huko Uingereza walihesabu, na Novemba 2020 ripoti ya idara yao ya afya ya umma ikaonyesha kwamba katika wimbi la kwanza watu wenye ulemavu wa akili walifariki kwa korona kwa kiwango kinachokadiriwa kufika mara 6 ya watu wengine, ukizingatia umri na jinsia. Wenye hali ya Down walikuwa hatarini zaidi. Wengi huzaliwa na matatizo ya moyo, na vifua vyao hushambuliwa kwa urahisi. Nilipoisoma nilimfikiria binti wa Kibokoni. Mtu asiyehesabiwa hapangiwi, na bado naona hasira nikiliandika hili.

Kuhusu walezi nitasema kidogo, ingawa wanastahili makala yao. Hoteli za Nyali na Bamburi zilipofungwa, mishahara ilikatika katika nyumba nyingi ninazozijua. Mama ambaye hana unga hawezi kusikiliza habari ya ratiba ya picha. Nilijifunza kuuliza swali la kwanza: "Leo mmekula?" na kuwa na namba za watu wa msikitini, kanisani na mtaani waliokuwa wakigawa chakula. Na nilijifunza kumwambia mama mmoja mmoja atafute mtu wa kumshikia zamu hata saa moja, alale. Wengi walikuwa wanasubiri ruhusa hiyo kutoka kwa mtu yeyote.

Madarasa yote yalipofunguliwa Januari 2021, wengi walidhani shida imekwisha. Kwa watu hawa ilikuwa badiliko jingine, na wale waliokuwa wameandaliwa mapema kwa picha na kwa kutembelea lango la shule waliingia vizuri kuliko walioamshwa asubuhi wakavalishwa. Kijana wa Mishomoroni, ambaye mama yake alitimiza ahadi akamwambia wiki moja kabla, alitangulia mbele ya gari.

Na Likoni tukapata msaada ambao hatukuupanga. Mwanzoni mwa mwaka huo daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa kwa waenda kwa miguu, kupunguza msongamano wa feri. Njia mpya, haina kumbukumbu yoyote. Shangazi alimwonyesha picha yake kwanza, wakaenda siku ya mapumziko, wakasimama mwanzo wake, wakarudi. Mara nyingine wakavuka. Alitembea katikati, ameshika mkono wa shangazi, akihesabu kwa sauti hesabu zake mwenyewe zisizofuatana. Feri ilipopita kwa mbali akaitaja kwa jina. Alipanda feri tena miezi mingi baadaye, kwa kutaka mwenyewe.

Tangu wakati ule kila familia ninayofanya nayo kazi huandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi kumhusu mtu wao: anaitwa nani nyumbani, anaongeaje akiumwa, anaogopa nini, anatulizwa na nini, dawa anazotumia, aambiwe vipi kabla ya kuguswa au kuchomwa sindano. Nakala moja hukaa kwenye mkoba wa mama, moja kwa jirani anayeaminika, na moja hupelekwa zahanati ya karibu. Mwaka jana mama mmoja wa Tudor alilazwa ghafla, na jirani aliyebaki na mwanawe alikuwa na ukurasa ule. Jambo la kwanza lililoandikwa juu kabisa ni kwamba kijana aambiwe mama yuko wapi, kwa maneno gani, na kwamba akiuliza tena, ajibiwe tena. Jirani akafanya hivyo, na akampeleka wodini siku ya pili amwone.